Uso upo mbele ya kamera, fokasi imekwenda ukutani: namna ya kulitafuta kosa

Mtu ameketi mbele ya kamera, anaongea vizuri, mwanga upo, sauti safi. Baadaye unafungua faili kwenye kompyuta na kukuta kwamba kuanzia dakika ya tatu macho yake yamefifia, huku pazia lililo nyuma yake likionekana uzi kwa uzi. Rangi hurekebishwa, sauti husafishwa, mwanga uliopungua huongezwa kidogo. Fokasi iliyokosea wakati wa kurekodi haina dawa kwenye uhariri.

Wengi wakikutwa na hali hii hukimbilia menyu na kubadili mipangilio mitano kwa mpigo. Hapo hata tatizo likiisha hujui kilichokuwa kimelileta, na likirudi unaanza upya. Kamera yenyewe inakuonyesha kosa liko wapi, kupitia kile kisanduku kidogo kinachozunguka uso kwenye skrini. Kisome kisanduku kwanza, ndipo uguse menyu.

## Kisanduku kinasema nini

Ndani ya kamera isiyo na kioo cha kuakisi (mirrorless) kuna kazi mbili zinazoendelea kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kutambua: programu inaipekua picha inayotoka kwenye sensa ikitafuta umbo la uso, yaani macho, pua, mdomo na vivuli vilivyo kati yake. Ya pili ni kulenga: kamera inapima fokasi imekosea kwa kiasi gani mahali palipochaguliwa, kisha inaiagiza mota ya lenzi isogeze vioo. Kazi moja inaweza kushindwa huku nyingine ikiwa sawa kabisa, na dawa zake hazifanani.

Kwa hiyo jiulize unaona lipi kati ya haya matatu. Kama kisanduku hakitokei, au kinatokea na kupotea, kamera haiuoni uso. Tafuta kosa kwenye mwanga, pembe, ukubwa wa uso au menyu. Kama kisanduku kimetulia usoni lakini uso una ukungu, kamera inauona ila haiwezi kuulenga. Kosa liko kwenye lenzi, tundu lake, umbali au hali ya fokasi. Na kama kisanduku kinahama kwenda kwa mtu mwingine, au fokasi inakwenda nyuma na kurudi kila sekunde chache, basi shida ni kasi, unyeti, au kitu kilichopo kwenye mandhari.

Rangi nayo ina maana. Kwenye Sony, kwa mfano, kisanduku cha kijivu maana yake uso umeonekana tu. Kikigeuka cheupe ndipo kamera iko tayari kuulenga. Ukiona kijivu muda wote, usifurahi mapema.

Tatizo ni kwamba kisanduku hakirekodiwi kwenye faili, na wakati wa kupiga mara nyingi wewe ndiye uliye mbele ya kamera. Chukua simu, iweke mahali inapoiona skrini ya kamera vizuri, irekodi skrini hiyo huku kamera nayo ikirekodi. Piga makofi mara moja ili baadaye uzilinganishe video mbili kwa sauti. Dakika mbili zinatosha. Pale fokasi inapoharibika kwenye faili la kamera, tazama kwenye video ya simu kisanduku kilikuwa wapi sekunde ileile. Njia hii huokoa muda mwingi kuliko kubahatisha.

## Anza na jaribio lililo rahisi

Kabla ya kulaumu kamera, iweke mahali ambapo haina kisingizio. Ifunge kwenye stendi. Mketishe mtu mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye lenzi, uso ukielekea kamera, dirisha likiwa ubavuni mwake na si nyuma yake. Nyuma yake pawe na ukuta mtupu. Tumia lenzi ya kampuni ileile iliyotengeneza kamera, bila adapta na bila filta. Weka tundu la lenzi linalopitisha mwanga f/4 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo), fremu 25 kwa sekunde, shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50, ISO, yaani unyeti wa sensa kwa mwanga, iwe ya otomatiki, rangi za kawaida bila log, zile rangi zilizofifishwa kwa makusudi ili zirekebishwe kwenye uhariri. Fokasi iwe ya kuendelea, ile inayoandikwa AF-C, Servo au AF-F kutegemea kampuni. Eneo la fokasi liwe skrini nzima.

Rekodi dakika moja: sekunde ishirini mtu atulie, ishirini aegemee mbele na kurudi nyuma, ishirini ageuze kichwa kushoto na kulia. Ikifaulu hapa, kamera na lenzi ni nzima, na kosa limo kwenye mazingira au mipangilio uliyokuwa nayo awali. Irudishe mipangilio ile kimoja kimoja, ukirekodi nusu dakika kila mara, mpaka ukione kinachoharibu. Ikishindwa hata hapa, rudisha mipangilio yote ya kiwandani na ujaribu tena kabla ya kufikiria fundi.

## Kamera haiuoni uso

Menyu kwanza, maana ndiyo ya haraka. Kamera nyingi huhifadhi mipangilio ya video na ya picha za kawaida kila moja peke yake, hivyo kuwasha utambuzi wa uso upande wa picha hakuuwashi upande wa video. Zungusha swichi hadi kwenye video, kisha fungua menyu ukiwa hapohapo. Angalia aina ya kiumbe kinachotafutwa: ikiwa iko kwenye wanyama, ndege au magari, uso wa binadamu unaweza kuachwa. Angalia pia kama mpangilio unaoonyesha kisanduku kwenye skrini umezimwa. Pengine uso unatambuliwa vizuri ila wewe huoni alama.

Eneo la fokasi linawachanganya wengi. Ukichagua nukta ndogo iliyo katikati, kamera kadhaa huutafuta uso ndani ya nukta hiyo au karibu nayo tu. Mtu akisogea pembeni, kisanduku kinakufa na kamera inalenga chochote kilichobaki katikati. Kwa mtu anayetembea tumia eneo zima. Eneo dogo lina faida yake pale penye watu wengi, lakini hapo ni lazima wewe uwe nyuma ya kamera ukilisogeza.

Kisha kuna vitu vinavyozima utambuzi bila kukuambia wazi. Fremu 100 au 120 kwa sekunde ndiyo sababu kubwa: kamera kadhaa za zamani kidogo huacha kutafuta uso kwa kasi hiyo, na Canon EOS R ikiwa kwenye fremu 120 huacha fokasi ya otomatiki kabisa. Canon EOS M50 ukiipandisha hadi 4K inapoteza mfumo wake mzuri wa fokasi na kubaki na ule wa kulinganisha ukali wa picha, ambao ni mzito zaidi. Zumu ya kidijitali, kikuza picha cha kukagulia fokasi, na madoido fulani ya rangi nayo huzima utambuzi kwenye modeli mbalimbali. Vivyo hivyo kutoa video kwa waya wa HDMI kwenda kwenye monita: katika modeli nyingine utambuzi hufifia, katika nyingine unaendelea ila visanduku havionekani kwenye monita. Chomoa waya, jaribu, rudisha.

Baada ya menyu, mwanga. Hapa ndipo makosa mengi zaidi yalipo, na hapa pafaa kukaa.

Programu ya kutambua uso hufanya kazi kwa tofauti za mwanga na kivuli. Shimo la jicho ni jeusi kuliko shavu, mgongo wa pua unang'aa kuliko pembeni yake, mdomo una mstari. Uso ukiwa gizani tofauti hizo zinakufa, na pale ISO inapopanda sana chenga zinajaza sehemu zilizobaki. Hali mbaya zaidi ni mtu mwenye dirisha au ukuta mweupe nyuma yake. Kamera inayopima mwanga wa fremu nzima inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Halafu kuna mzunguko mbaya: kamera nyingi huupa uso kipaumbele katika kupima mwanga endapo zimeuona. Uso usipoonekana, kipaumbele hakiji. Kipaumbele kisipokuja, uso unabaki gizani na hauonekani. Ndiyo maana wakati mwingine kisanduku kinapotea ghafla mtu anapopita mbele ya dirisha, na hakirudi hata akiwa ameshalipita.

Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito wa pekee. Ngozi nyeusi iliyopewa mwanga wa kutosha ina umbo, ina mng'ao kwenye mashavu na paji la uso, na kamera nzuri za leo huitambua bila shida. Ngozi hiyohiyo ikipigwa mbele ya ukuta mweupe kwa kipimo cha otomatiki inageuka kivuli kimoja kisicho na macho wala pua. Kosa ni la kipimo cha mwanga, na dawa yake iko mikononi mwako: pima mwanga kwa uso, acha ukuta upauke ikibidi. Zima kipimo cha fremu nzima, tumia kipimo cha nukta usoni, au weka mwanga kwa mkono kisha usiuguse. Ongeza mwanga wa pembeni, kama digrii 45 kutoka kwenye lenzi, juu kidogo ya usawa wa macho. Mng'ao unaopatikana kwenye shavu na kwenye mboni ndio kamera inaoutafuta. Taa huna? Kibao cheupe cha sentimita 50 kwa 70 kikishikwa chini ya kidevu, nje ya fremu, kinarudisha mwanga wa dirisha kwenye macho na mara nyingi kisanduku kinatokea papo hapo.

Taa zenyewe zinaweza kuleta shida. Taa za umeme unaobadilika mara 50 kwa sekunde huwaka na kufifia kwa kasi usiyoiona, na shata isiyopatana nazo inaleta mistari inayopanda usoni. Mistari hiyo inaharibu picha na pia inaweza kuivuruga fokasi. Tumia 1/50 au 1/100. Penye umeme wa mara 60 tumia 1/60 au 1/120. Shata ya polepole mno, kama 1/25, nayo inamfanya mtu anayesogea awe na ukungu ambao hakuna programu itakayouona kama uso.

Mwisho, uso wenyewe. Miwani inayoakisi taa huyafunika macho: pandisha taa juu zaidi, au muombe mtu ainue kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo vielekee chini, tofauti haitaonekana kwa mtazamaji. Kofia yenye ukingo mpana inatupa kivuli mpaka puani. Maikrofoni kubwa iliyosimama mbele ya mdomo inaficha theluthi ya uso. Ishushe hadi usawa wa kidevu. Mtu akigeuka ubavu kamili, kamera za zamani hupoteza uso wakati mpya hushika kichwa chote. Na uso ukiwa mdogo sana kwenye fremu, kama wa mtu aliye mwisho wa ukumbi huku una lenzi pana, usitarajie kisanduku: sogea, au mguse kwenye skrini ili kamera imfuate kama kitu cha kawaida.

## Kisanduku kipo, uso una ukungu

Hapa anza na mkono wako. Gusa ubavu wa lenzi uone kama swichi ya AF/MF (AF ni fokasi ya otomatiki, MF ya mkono) iko AF. Inaonekana jambo dogo mno, lakini swichi hiyo husogezwa na begi kila siku, na kamera kadhaa huendelea kuonyesha kisanduku usoni hata kama fokasi ni ya mkono. Kando yake, lenzi ndefu huwa na swichi ya kikomo cha umbali. Ikiwekwa kuanzia mita kadhaa hadi mwisho, mtu aliye karibu hatalengwa kamwe.

Halafu pima umbali. Kila lenzi ina umbali mdogo kabisa inaoweza kulenga, na hupimwa kuanzia kwenye sensa, pale penye alama ya duara lililokatwa na mstari juu ya mwili wa kamera, wala si kuanzia ncha ya lenzi. Lenzi nyingi za milimita 85 huhitaji karibu sentimita 80. Ukiishika kamera kwa mkono ulionyooka, uso wako uko sentimita 50 au 60 tu. Kisanduku kitakaa usoni vizuri na lenzi itafika mwisho wa safari yake bila kupata ukali. Badili lenzi.

Kisha kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linaloonekana kali. Kwa sensa ya fremu nzima (full frame, yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), mtu akiwa mita 1.5, hesabu inakuja hivi: milimita 50 kwa f/1.8 inatoa karibu sentimita 10. F/4 inatoa karibu 21. Lakini milimita 85 kwa f/1.8 inatoa zaidi kidogo ya sentimita tatu tu. Sentimita tatu ni umbali kutoka kwenye jicho hadi mahali ambapo pua bado haijaisha. Mtu anayeongea huegemea mbele zaidi ya hapo kila anapotilia mkazo neno. Kamera inamfuata, ila kila mara iko nyuma yake kwa sehemu ya sekunde, na katika sehemu hiyo macho yamekwisha kufifia. Kwa mazungumzo ya kukaa, f/2.8 hadi f/4 ni mahali pazuri. Mandhari yenye ukungu wa kupendeza unaweza kuyapata kwa kumsogeza mtu mbali na ukuta mita mbili au tatu, badala ya kulifungua tundu hadi mwisho.

Kwenda upande wa pili nako kuna kikomo. Wakati wa kurekodi video kamera hulenga huku tundu likiwa limefungwa kwa kiasi ulichochagua. Kwa f/11 au f/16 mwanga unaoingia ni mdogo, na nukta za sensa zinazopima fokasi kwa kulinganisha pande mbili za lenzi hupata tofauti ndogo ya kupima. Kina cha fokasi huficha kosa mara nyingi, lakini kamera itachelewa.

Watu hufika f/16 kwa sababu ya jua, na hasa wanaporekodi kwa log. Rangi za log huanzia ISO ya juu: Sony a7S III katika S-Log3 huanzia 640, Canon EOS R katika Canon Log huanzia 400. Hebu tupige hesabu. Jua la mchana, ISO 100, shata 1/100, linataka f/16. Unataka f/4 na shata 1/50: hizo ni hatua tano za kupunguza (kila hatua hukata mwanga kwa nusu), yaani filta ya kupunguza mwanga ya ND32. Ukipanda hadi ISO 800 hatua zinakuwa nane, filta ya ND256. Nunua filta inayotosha badala ya kulifunga tundu. Filta za ND zinazozungushwa zina tatizo lao: zikifikishwa mwisho huchora msalaba mweusi unaokatiza fremu, na uso ukiangukia kwenye mkono wa msalaba huo unakuwa na giza upande mmoja. Rudi nyuma hatua moja au mbili kutoka kwenye alama ya mwisho.

Lenzi za kamera za zamani zinazofungwa kwa adapta zinahitaji uvumilivu. Mota zake zilijengwa kuruka mara moja hadi mahali na kusimama, kwa ajili ya picha moja. Video inataka hatua ndogondogo zisizokoma. Hivyo uso unakuwa mkali, unafifia, unakuwa mkali. Nyingine hazilengi kabisa: lenzi za Nikon za AF-D hazina mota ndani, na adapta ya FTZ, ile ya Nikon ya kuzifunga kwenye kamera zake zisizo na kioo, haina ya kuziendesha. Kwa lenzi isiyo ya kampuni iliyotengeneza kamera, angalia kwanza kama kuna toleo jipya la programu ya lenzi. Hupakiwa kupitia kamera au kifaa cha kampuni hiyo. Betri iwe imejaa na usizime kitu katikati. Kama fokasi inakatika na kurudi na thamani ya tundu inapotea kwenye skrini, ondoa lenzi ufute zile nukta za chuma zinazoiunganisha na kamera kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi.

## Fokasi inapapasa au inahama

Kuna mipangilio miwili ambayo watu huichanganya. Kasi ni jinsi lenzi inavyosogea haraka ikishaamua. Unyeti ni jinsi kamera inavyoamua haraka kuacha kitu kimoja na kwenda kingine. Mkono ukipita mbele ya uso na fokasi ikarukia mkono, lawama ni ya unyeti, si ya kasi. Fokasi ikifika mahali sahihi ila kwa mshtuko unaoonekana, lawama ni ya kasi.

Kwenye Sony za karibuni kasi, inayoitwa AF Transition Speed, ni 1 hadi 7, na unyeti, AF Subject Shift Sensitivity, ni 1 hadi 5. Kwenye Canon kasi ni −7 hadi +2 na unyeti −3 hadi +3. Panasonic hutumia −5 hadi +5 kwa vyote viwili. Fujifilm kasi ni −5 hadi +5, na unyeti 0 hadi 4, ambapo 4 ndiyo inayong'ang'ania. Nikon kasi ni −5 hadi +5, lakini unyeti ni 1 hadi 7 na namba zinakwenda kinyume cha matarajio: 1 ni ya kuruka haraka, 7 ya kuvumilia. Wengi hupandisha namba kwenye Nikon wakidhani wanaongeza wepesi, kumbe wanauondoa.

Kwa mtu anayeketi na kuongea, weka unyeti karibu na upande wa kung'ang'ania na kasi katikati. Kwenye Sony hiyo ni unyeti 2 na kasi 4, mahali pazuri pa kuanzia. Kwa mtu anayetembea kuelekea kamera, pandisha kasi hadi 6, unyeti uache chini. Kwa mchezo wenye watu wanaopishana unapotaka kuhama kutoka mmoja hadi mwingine, ndipo uvipandishe vyote viwili. Ukikuta mipangilio hii imefifia na haiguswi kwenye baadhi ya Canon, kamera si mbovu: modeli hizo huiruhusu tu ukichagua eneo la fokasi la nukta moja. Pia kubadili kasi huko kunahitaji lenzi inayokubali mwendo wa polepole.

Kuna mtego mwingine kwa kamera zilizotengenezwa kwa wanaojirekodi. Sony ZV-1 ya mwaka 2020 na ndugu zake zina hali ya kuonyesha bidhaa: ukiinua kitu mbele ya lenzi, kamera inauacha uso na kukilenga kitu. Canon EOS R50 nayo ina hali inayofanana. Zinafanya kazi yake vizuri. Ila ukiisahau imewashwa kisha ukawa mtu wa kuongea kwa mikono, kila kiganja kinachoinuliwa kinahesabiwa kuwa bidhaa. Izime. Kinyume chake, ukiwa unaonyesha kitu na kamera inang'ang'ania uso, iwashe, au funika uso kwa kiganja nyuma ya kile kitu ili kamera ibaki na kitu kimoja tu cha kulenga.

Kamera inayotegemea kulinganisha ukali wa picha pekee hupapasa kwa asili yake. Haijui fokasi imekosea upande gani, hivyo husogea kidogo, hulinganisha, husogea tena. Ndiyo maana mandhari nyuma ya mtu yanavutwa na kuachiliwa hata akiwa ametulia kabisa. Panasonic walitumia njia ya aina hii kwa miaka, GH5 ikiwemo, hadi Lumix S5 II ya mwaka 2023 ilipoleta sensa yenye nukta za kupima fokasi kwa pande mbili. Kama unayo kamera ya namna hiyo, rekodi fremu 50 au 60 kwa sekunde badala ya 25: sensa inasoma picha mara nyingi zaidi, na kamera inalinganisha haraka zaidi. Funga tundu hadi f/4 au f/5.6, shusha kasi na unyeti, na weka nyuma ya mtu ukuta usio na mistari mikali wala taa ndogondogo.

Mandhari yenye sura za watu ni shida ya peke yake. Bango, jalada la gazeti, picha ya ukutani, runinga iliyowashwa: vyote vina macho mawili na pua, na kamera haitofautishi karatasi na nyama. Viondoe au vigeuze. Kwa watu wawili waliokaa umbali tofauti, kamera mara nyingi humchagua aliye karibu au aliye mkubwa kwenye fremu. Wasogeze wote wawe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi na ufunge tundu hadi f/5.6. Penye umati, sajili uso wa mhusika mkuu. Sony hukubali hadi nyuso 8 na kuzipanga kwa kipaumbele. Usajili ufanyike penye mwanga mzuri, mtu akitazama mbele, bila kofia wala miwani ya jua.

## Pale otomatiki inapopaswa kuzimwa

Mtu asiyeondoka kwenye kiti hahitaji kamera imfuatilie. Kwa sensa ya fremu nzima na lenzi ya milimita 50 kwa f/5.6, mita 1.5, una karibu sentimita 30 za ukali, zinazotosha kuegemea mbele na kurudi. Acha otomatiki ilenge jicho mara moja, kisha geuza kuwa fokasi ya mkono bila kugusa pete. Kuza picha kwenye skrini hadi uone kope zikitengana moja moja. Weka kipande cha utepe sakafuni kwenye miguu ya mbele ya kiti na kingine kwenye miguu ya stendi, ili mtu akitoka kunywa maji arudi palepale.

Kama unajirekodi peke yako, simamisha stendi ya maikrofoni au ya taa mahali kichwa chako kitakapokuwa, itundikie karatasi yenye maandishi kwa usawa wa macho, lenga maandishi hayo kwa kukuza picha, funga fokasi, iondoe stendi, uketi. Rekodi nusu dakika. Kabla ya kuanza kazi yenyewe, icheze klipu hiyo kwenye kamera, isimamishe na uikuze mahali pa macho. Skrini ndogo ya nyuma hufanya kila kitu kionekane kikali. Kope zikiwa na ukungu sogeza kiti sentimita tano mbele, rekodi tena, linganisha.

Na weka kitufe kimoja cha kamera kiwe cha kubadili AF na MF. Katika mahojiano marefu, pale mtu anaponyanyua karatasi kuisoma au anayemhudumia anapopita mbele, bonyeza, subiri apite, bonyeza tena.